Mrehani Unaobishiwa Hodi

Nani amekiweka chungu cha mrehani dirishani kwa Babu Vuai, halafu akaenda zake kucheza? Msitazamane. Nimekiona. Kimewekwa vizuri, kimetiwa maji, na aliyekiweka bila shaka amejiona kesha muuguza babu yake. Haya, kaeni chini wote. Siwema, maliza kwanza hiyo pipi, mimi siwezi kushindana na makaratasi. Nitakuambieni habari ya mrehani kama nilivyoambiwa na bibi yangu, naye akaambiwa na bibi yake, mpaka huko Shirazi ambako wazee wetu husema ndiko walikotoka. Kama walitoka kweli au hawakutoka, msiniulize, sikuwako. Hadithi ninayo, na hiyo ndiyo nitakayowapa.

Basi zamani, jani lilipokuwa bado halijui kuficha kitu, mrehani haukuwa kama mnavyoujua. Leo unaweza kupita ubavuni mwake asubuhi na jioni usisikie chochote. Umesimama tu pale na vijani vyake, kimya, kama kimti chochote cha uani, mpaka uushike. Zamani hizo haukungoja kushikwa. Ulitoa harufu wenyewe, mchana na usiku, kwa mwenye haja nayo na asiye na haja, kwa sultani na kwa punda.

Kulikuwa na mji katika milima ya Shirazi, jina lake Gulabadi. Nyumba zake zilikuwa za udongo, na juu ya kila paa na kila ukingo wa dirisha palikuwa na mrehani. Alfajiri, jua kabla halijapanda mlima, harufu ilishuka kutoka mapaani ikajaa vichochoro, na watu wakajua kumekucha kabla hawajafumbua macho. Mkate uliotoka tanurini ulitoka nayo. Mtoto aliyezaliwa saa hizo alivuta pumzi yake ya kwanza na harufu hiyo ndani yake. Wasafiri waliokuwa bado upande wa pili wa mlima waliisikia, wakaambiana, "Tumefika." Bibi yangu akifika hapa alikuwa akivuta pua, na sisi wajukuu tukavuta. Hatukusikia ila moshi wa jiko. Lakini wallahi, nilikuwa nikiona uchungu kuikosa asubuhi ambayo sikuwahi kuiamkia.

Jani la mrehani halikuchumwa siku hizo. La nini, na harufu ilikuwa bure?

Sasa katika mji huo alikuwako tabibu mmoja, Bahrami. Huyu hakuwa tabibu wa kubahatisha. Alijua kwamba mwili wa binadamu una maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba kila moja lina joto lake au baridi yake. Nyongo nyeusi ikimzidi mtu, alisema, moyo wake huwa baridi na mkavu. Hapo utamwona analia hajapigwa, anaogopa hajatishwa, ameketi kitako na moyo unamwenda mbio. Dawa ya moyo wa namna hiyo ni kitu cha joto chenye kunukia, na mrehani una joto. Mbegu zake Bahrami alizilowesha mpaka zikavimba na kuvaa utelezi, akawanywesha kwa maji ya waridi wenye kikohozi kikavu na wenye moto tumboni. Ndizo hizo tukmaria mnazozigombania kwenye vikombe vya faluda, mkidhani ni mapambo.

Lakini kwa moyo, dawa ilikuwa harufu yenyewe, na hapo ndipo Bahrami alipoweka sharti lake. Alisema harufu iliyomo chumbani ina kipimo, na kila pua inayoingia hula fungu la mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa wa moyo aliwekwa chumba cha nyuma, akazungushiwa vyungu vya mrehani, madirisha yakazibwa kwa matambara, na mlango ukafungwa. Jamaa zake walikaa uani wakingoja. Chakula kilisukumwa ndani kwa chini ya mlango, haraka haraka, na aliyekisukuma alizuia pumzi. Wengi walipona, na waliopona walimsifu Bahrami sokoni. Waliokufa hawakurudi kusema neno.

Bahrami alikuwa na mke, Zarbanu, na binti mmoja, Mahibanu. Huyu Mahibanu alikuwa mfumaji wa mazulia. Alikuwa amefiwa na mume mapema, akarudi kwao na kitanda chake cha kufumia, na vidole vyake vilikuwa vikavu na vya kukwaruza kwa ajili ya sufu, maana zulia lina mafundo mengi na kila fundo linataka kidole. Hakujua habari za nyongo. Alijua rangi, alijua kufunga fundo, na alimpenda mama yake kuliko vyote hivyo.

Mwaka mmoja Zarbanu akashikwa na maradhi ya moyo. Bahrami akamtengenezea chumba kama alivyowatengenezea wengine, vyungu vizuri kuliko vyote, na mlango akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Mahibanu akakaa kizingitini, mgongo ameuegemeza kwenye ubao. Alfajiri moja akasikia mama yake anaita kutoka ndani. Aliita jina la mumewe, kisha jina la bintiye, kisha la mumewe tena, bila kupiga kelele, kama mtu anayetaka kuletewa maji. Mahibanu akainuka. Baba yake alikuwa amesimama uani, naye amesikia, uso umempauka. Akatikisa kichwa. Mahibanu akakaa. Jua lilipofika kwenye ukuta, kuita kukakoma. Walipofungua, chumba kilikuwa kinanukia vizuri mno.

Hawakusemezana habari hiyo. Walizika, wakapokea watu, wakarudi kila mmoja kwenye kazi yake. Mahibanu alifuma, na kila alipofunga fundo alisikia jina lake. Baba yake aliendelea kutibu, lakini watu waliona kwamba akishafunga mlango wa mgonjwa huondoka upesi, hataki kusimama karibu nao.

Mwaka uliofuata theluji haikushuka mlimani. Mifereji iliyokuwa ikileta maji mjini ikawa njia za mijusi, na mirehani ya mapaani ikaanza kukauka, mmoja baada ya mwingine. Masikini, ilikauka huku inatoa. Haikujua kufanya jingine. Ilimwaga harufu yake kwenye upepo mpaka shina likawa kijiti. Ikafika siku ambayo alfajiri ya Gulabadi ilikuja na vumbi tupu, isipokuwa penye ukuta wa jiko la Bahrami. Pale ulibaki mrehani mmoja, wa marehemu Zarbanu, ambao Mahibanu alikuwa akiunywesha maji ya kuoshea mchele. Watu wakawa wanakuja asubuhi kusimama chini ya ukuta ule wamefumba macho. Mwoka mikate, Jamshidi, alikuwa akimleta mama yake, kikongwe Mahrukhi, amembeba mgongoni kama gunia. Walivuta pumzi wakaenda zao, na wengine waliondoka wanajifuta machozi.

Ndipo Bahrami naye akaanguka. Moyo ulimpiga kwa pupa, kisha ukasita, kisha ukapiga tena. Mikono ikawa baridi, chakula kikawa hakipiti. Hakuhitaji tabibu mwingine wa kumwambia ana nini. Akamwita bintiye, akasema, "Nyongo nyeusi imenipanda. Niingize chumba cha nyuma, weka mrehani wa mama yako, na funga."

"Baba, kile chumba?"

"Hakuna kingine. Na usije ukaingia, mwanangu. Utanila fungu langu."

Mahibanu akafanya alivyoambiwa. Lakini mrehani ulikuwa mmoja, mkavu nusu, na ulitoa harufu kama vile bado mifereji imejaa. Alfajiri ulinukia, na harufu ikapenya kwenye nyufa na matambara ikamfuata kila mpita njia. Jua likipanda, chumbani hamna kitu. Akawa anautoa mchana kuunywesha maji, anaurudisha jioni. Sahani ya chakula akaipokea kama alivyoisukuma. Sauti ya baba yake ikawa ndogo, kisha ikawa ya kukohoa tu. Maji yalimfika Mahibanu shingoni. Aliketi tena kwenye kizingiti kile kile, mgongo kwenye ubao ule ule, na alijua fika anachongoja.

Mchana mmoja, mrehani ukiwa kwenye ukuta wa jiko, uvumilivu ukamwishia. Akausimamia kwa hasira, mikono kiunoni, kama mtu anayemgombeza mke mwenza.

"Hivi wewe huna akili? Baba yangu anakufa ndani, na wewe unawapa njia! Unawapa punda! Huwezi kubana hata kidogo?"

Na mrehani, kwa kuwa ilikuwa zamani na vitu vikisemeshwa kwa dhati vilijibu, ukamjibu.

"Binti Bahrami, unanilaumu bure. Mimi sikuumbwa na mlango. Nilicho nacho kinatoka."

"Basi jitengenezee mlango. Kizuie ndani ya jani."

Mrehani ukasema, "Naweza. Lakini nikizuia, nimewazuilia wote, na wanangu wa mbegu watazuia kama mimi. Sina macho ya kuchagua. Mji huu hautaamka tena na mimi. Na mwenye kunitaka itabidi aje mwenyewe, kila mara, abishe hodi, ndipo nifungue."

"Abishe hodi vipi?"

"Kwa vidole."

Mahibanu aliwaza alfajiri zote alizoamka nazo tangu utotoni. Aliwaza wasafiri nyuma ya mlima, ambao sasa wangefika mjini bila kujua wamefika. Alimwaza zaidi Mahrukhi mgongoni kwa mwanawe, mdomo wazi kama kinda la ndege. Alijua anachokwenda kukichukua, na alijua si chake. Moyo ulimuuma, akajiona mwizi kabla hajaiba. Kisha kutoka chumba cha nyuma akamsikia baba yake, kwa sauti ile ndogo, anaita jina. Sijui lilikuwa lake au la mama yake. Bibi yangu hakuwa na hakika, na mimi sitaongeza.

"Zuia," akasema.

Upepo ukapita juu ya ukuta, ukaenda zake mtupu.

Akakibeba chungu, akauendea mlango, akaufungua wote mpaka ukagonga ukuta. Mle ndani kulikuwa na giza na joto la matambara. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakujua jani linafanywaje, maana hakuna aliyewahi kulifanya. Akalichuma moja kwa woga, akalisokota kati ya vidole vyake vya sufu kama anavyosokota uzi. Lo! Asubuhi yote ya Gulabadi ikatoka kwenye vidole viwili. Akakunja kiganja, akakipeleka puani kwa baba yake.

Bahrami akafumbua macho. "Umefungua mlango."

"Nimefungua, baba."

"Harufu itatoka."

"Haitoki. Iko hapa mkononi."

Mzee akavuta pumzi, akavuta tena. "Mkono wako unanuka sufu," akasema.

"Ndiyo."

"Na maji ya mchele."

"Ndiyo, baba."

Akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili ya baridi, akauzuia usoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Mahibanu alikuwa hajamwona baba yake analia, hata siku ya mazishi. "Aliniita," akasema Bahrami. "Mama yako. Nilimsikia, Mahibanu. Nilikuwa pale nje, na nilimsikia, na sikufungua."

"Na mimi nilisikia," akasema Mahibanu. "Nilikuwa karibu kuliko wewe." Ikawa hapo ndipo walipomlilia Zarbanu, mwaka mzima baada ya kumzika, mlango wazi na kuku wanachungulia. Alipochoka kulia, mzee aliomba uji. Moyo wake ulikuwa bado unasita, lakini ulikuwa unasita kama moyo wa mzee yeyote.

Kesho yake kulipambazuka, na si penye ukuta wala penye nyufa, harufu haikutoka. Weee! Zogo lake msiulize. Jamshidi alidhani pua yake imekufa, akaenda kunusa kitunguu. Watu wakabisha kwa Bahrami kwa ngumi, na Mahibanu akatoka akasema kweli: kwamba ameuomba mrehani uzuie, na umezuia, na hautarudi kuwa kama ulivyokuwa. Walimwambia maneno mazito. Mwingine alimwita mchoyo, mwingine akamwambia ameiba kitu walichoachiwa na mababu, na yeye hakubisha, kwa sababu alikuwa ameshajiambia hayo mwenyewe.

Mahrukhi alikuwa mgongoni kwa mwanawe, anageuza geuza pua. Mahibanu akachuma jani, akalisokota, akamwendea yule bibi. Kikongwe akakiinamia kiganja, akakaa hapo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mjane wa miaka mingi, na mwanawe hushinda tanurini, na hakuna aliyekuwa akimshika ila kwa kumbeba, akauinua mkono wake akaushikilia wa Mahibanu, hataki kuuachia. Jamshidi alisimama na mzigo wake mgongoni, hajui afanye nini. Siku iliyofuata alikuja peke yake kuomba kitawi. Alisema anakitaka kwa ajili ya mama yake, na akauliza, kwa haya, jani linasokotwaje.

Mvua ilirudi. Mbegu zilipandwa, mapaa yakawa ya kijani tena, na mirehani yote iliyoota ilikuwa kimya. Bahrami aliishi, akatibu tena, na akaliondoa sharti lake. Aliwafundisha jamaa za wagonjwa kuingia na kukaa, kila mmoja na jani lake mkononi. Lakini msidhani mji ulisahau. Watu wazima wa Gulabadi, mpaka walipokwisha, waliendelea kupanda mapaani alfajiri na kusimama, kwa mazoea tu. Bahrami naye alipanda. Mahibanu alimwona kutoka chini, mzee amefumba macho na uso ameuelekeza mlimani, anangoja kitu ambacho bintiye ndiye aliyekiondoa. Hakumlaumu hata mara moja. Akishuka alimnyoshea mkono, na Mahibanu akamsugulia jani. Naye mwenyewe aliikumbuka ile asubuhi mpaka uzeeni, na hakuna zulia alilolifuma likamsahaulisha.

Siku ya Bahrami ilipofika, alikufa mlango ukiwa wazi, bintiye kitandani kwake, kiganja puani. Mahibanu akapanda mrehani juu ya kaburi, na kila alipokuja alikipitisha kiganja juu ya majani kama anayempapasa mtu kichwani. Akapanda na mwingine kwa mama yake. Kwa mama yake alikuwa akikaa zaidi.

Na tangu siku hiyo mrehani hausemi mpaka ushikwe. Wajukuu wa wajukuu wa Gulabadi, hadithi inasema, walizifunga mbegu kwenye pindo za kanga na mabaibui, wakaja nazo huku kwetu, na ndiyo maana tunaupanda uani na makaburini. Tunautia kwenye vikuba pia, vile vishada vya maua ya kunukia wavaavyo wanawake, kwa kuwa kikuba huvaliwa mahali ambapo mtu hawezi kukinusa ila awe karibu.

Haya, kwisha. Siwema, ni wewe uliyekiweka kile chungu, nimekujua toka mwanzo, umeinamisha kichwa tangu nilipotaja mlango. Hukukosea kukileta. Sasa nenda ukachume kitawi, uingie ndani, ukae kitandani kwa babu yako, umsugulie kiganjani mwako anuse. Atakwambia mkono wako unanuka pipi. Mwambie ndiyo. Na mlango uuache wazi, sote tunakuja.